Mjumbe Hauawi, Dalali Je?

Mjumbe hauawi ni miongoni mwa kanuni za kale kabisa za maadili tulizorithi. Inatuambia kwamba anayebeba neno la mwingine habebi dhambi ya neno hilo. Mfalme akituma tusi, hasira ziende kwa mfalme. Aliyelifikisha apewe maji ya kunywa na njia ya kurudi kwao. Bila kanuni hiyo pasingekuwa na mazungumzo baina ya maadui, wala posa baina ya koo zisizojuana. Katika insha hii nataka kuuliza mipaka ya kinga hiyo iko wapi, na nitauliza katika biashara ambamo watu wasiokuwa wajumbe huidai kila siku: biashara ya kuwatafutia walimu wa Kiingereza kazi katika nchi za nje.

Biashara hii inawagusa watu ninaowajua. Tangu nilipokuwa nikifundisha nyumbani Afrika Mashariki, na hata sasa nikiwa ughaibuni, wahitimu wangu huniandikia kuniomba barua za mapendekezo ili waende China, Thailand, Vietnam, Oman au Falme za Kiarabu. Wana shahada nzuri na wengine wana uzoefu wa darasani. Ajira za ualimu kwao ni chache na foleni ni ndefu. Wengi hupitia kwa mtu wa kati, ama kampuni yenye ofisi na mhuri, ama mtu mmoja mwenye simu na orodha ya shule. Mchakato unapofika katikati, wengi huuliza swali moja kwa maneno tofauti: huyu mtu, hasa, ni wa nani?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kiswahili kina majina mengi ya mtu wa kati, na kila jina limebeba maadili yake. Mshenga hutumwa na upande wa mwanamume. Wenye binti wanalijua hilo tangu anapobisha hodi, kwa hiyo sifa anazommwagia kijana husikilizwa kwa tahadhari. Wakala ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenyewe, akasimama mahali pake. Dalali, kwa asili ya neno katika Kiarabu, ni mwenye kuonyesha. Neno hilo limetoka katika mzizi mmoja na neno dalili. Dar es Salaam dalali wa nyumba hulipwa na mpangaji, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji hulalamika sana, lakini angalau anajua fedha imetoka mfukoni mwa nani. Yupo pia kuwadi, ambaye naye ni mtu wa kati. Lugha imemtenga kwa jina lake mwenyewe kwa sababu anachokifanyia udalali ni mwili wa mtu.

Dalali wa walimu hulipwa na shule. Shule binafsi au chuo cha lugha humweleza idadi ya walimu wanaotakiwa. Yeye hutangaza, hukusanya wasifu, vyeti, nakala za pasi na picha, huchuja, kisha hupeleka majina machache. Mwalimu akifika na kuanza kazi, shule humlipa dalali ada kwa kila kichwa. Mara nyingi malipo hayo, au sehemu yake, husubiri mwalimu amalize miezi ya mwanzo. Hivyo dalali ana sababu ya kumtaka mwalimu avumilie hata pale pasipovumilika. Mwalimu mwenyewe huambiwa kwamba huduma ni bure.

Ubure huo una chanzo cha heshima. Kifungu cha 7 cha Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kinakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, iwe kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ingawa kinaruhusu nchi kuweka misamaha maalumu. Anayezijua habari za watu waliouza mashamba ili wanunue kazi ya ng'ambo hawezi kutaka kanuni hiyo ifutwe, nami siitaki ifutwe. Lakini ina upande wa pili ambao mwalimu hana budi kuujua. Mnadani mbuzi hatozwi ada. Kutotozwa kwake si ukarimu wa mnadi; ni alama ya nafasi yake katika biashara ile. Mwalimu anayedhani amepata wakala bila gharama hana wakala hata kidogo. Aliye mbele yake ni wakala wa mtu mwingine, anayezungumza naye kwa upole.

Hapo bado hatujafika kwenye kosa. Kumtumikia mwajiri ni kazi halali, kama ushenga ulivyo halali. Kosa huanza pale tunapotazama kinachochujwa.

Tumchukue mhitimu wa kubuni. Amesoma Kiingereza na elimu Makerere, amefundisha sekondari miaka mitatu, na Kiingereza chake hakina dosari. Anamwandikia dalali na kujibiwa kwa sentensi moja: shule inataka wazawa wa lugha tu. Wakati mwingine jibu hilo ni la sheria. Korea Kusini, viza ya E-2 ya mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Katika bara letu lote ni nchi moja. Raia wa Afrika Kusini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kizulu anaweza kukubaliwa akithibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza. Kijana wa Nairobi aliyelelewa kwa Kiingereza tangu chekechea hawezi, hata akileta ushahidi wa namna gani. Hapo neno mzawa limeacha kuwa neno la isimu. Limekuwa neno la idara ya uhamiaji, na maana yake ni rangi ya jalada la pasi.

Na kwingine wala si pasi. Ni picha, ambayo huombwa kabla ya cheti. Hakuna sheria ninayoijua inayosema kwamba sauti ya mwalimu husikika vizuri zaidi ikitoka katika uso mweupe. Hata hivyo ukimuuliza dalali kwa nini anataka picha, atasema ni matakwa ya shule. Ukiiuliza shule, itasema ni matakwa ya wazazi wanaolipa karo. Ukiwauliza wazazi, watasema wao wanataka tu mtoto wao apate kile ambacho watoto wa wenzao wanakipata. Ubaguzi umetendeka, aliyetendewa yupo na jina lake linajulikana, lakini kila anayeguswa bega anamwonyesha aliye nyuma yake. Hannah Arendt, akiandika juu ya urasimu, aliuita utawala wa asiyekuwepo, na alionya kwamba utawala wa namna hiyo unaweza kuwa dhalimu kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hakuna wa kumshitaki. Alikuwa akizungumzia dola. Naona maneno yake yanaenea hata katika ofisi ya watu wawili wenye kompyuta moja.

Katika mnyororo huu dalali ndiye anayetamka kwa sauti kubwa kwamba yeye ni mjumbe. Tuipime hoja yake kwa haki.

Mjumbe ana sifa tatu zinazompa kinga. Kwanza, hachagui neno, amelipokea limekamilika. Pili, hapati faida inayotegemea jinsi neno litakavyopokewa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, anamtaja aliyemtuma. Dalali wa walimu hukosa zote tatu. Anachagua, kwani kazi anayolipiwa ndiyo hiyohiyo ya kuchagua, na mara nyingi huwaondoa watu kabla hata shule haijawaona, kwa kukisia tu kwamba hawatapendwa. Ujira wake unategemea matokeo. Na kuhusu aliyemtuma, ananyamaza: tangazo halitaji shule, na shule haitii sahihi sharti la rangi popote. Nadhani hapa ndipo ilipo thamani yake halisi kwa mwajiri. Shule ingeweza kuwatafuta walimu yenyewe. Inachokinunua kwa dalali, pamoja na kuokoa muda, ni mdomo wa kusemea jambo ambalo yenyewe ingeona haya kuliandika kwenye karatasi yenye nembo yake.

Iwapo hilo ni kweli, basi dhambi haikabidhiki. Mtu anaweza kumkabidhi mwingine mzigo, fedha, hata mamlaka ya kufunga ndoa kwa niaba yake. Hawezi kumkabidhi udhalimu wake akabaki safi. Wala aliyeupokea hawezi kusema anauhifadhi tu kwa niaba ya mwenyewe. Udhalimu ukikabidhiwa haugawanyiki nusu kwa nusu. Unaongezeka, kila mmoja akawa nao mzima.

Lakini haya matakwa ya wazazi yametoka wapi? Hapa historia inatupeleka karibu na nyumbani kuliko tunavyotarajia. Tunaosoma fasihi huukumbuka Makerere kwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wa mwaka 1962. Mwaka mmoja kabla, Januari 1961, katika chuo hichohicho, ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson aliichambua ripoti yake katika kitabu Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, akaonyesha imani tano zilizokuja kuitawala taaluma hiyo duniani. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzungumzaji mzawa. Phillipson aliihesabu kuwa imani potofu. Péter Medgyes wa Hungaria, aliyejifunza Kiingereza na kisha kukifundisha, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba mwalimu asiye mzawa ana hazina yake: ameipita njia anayoipita mwanafunzi, na anajua mahali penye utelezi. Kwa hiyo mhitimu wetu wa Makerere anakataliwa kwa imani ambayo mojawapo ya hati zake za mwanzo iliandikwa kwenye kilima alichosomea. Nalitaja hilo kwa sababu ya jambo moja: matakwa ya wazazi wa Seoul au Chengdu hayakuota kama uyoga. Yalijengwa mikutanoni, vitabuni na katika matangazo, na kila dalali anayeandika wazawa tu anaongeza tofali.

Sasa tusikilize upande wa dalali, maana upo, na una nguvu. Atasema: kabla yangu kazi hizi zilipatikana kwa kujuana. Mwenye mjomba ubalozini alikwenda. Asiye naye alibaki. Mimi nimefungua mlango kwa mtoto wa mkulima ambaye hakuna anayemjua. Zaidi ya hapo, ninapomwambia kwamba shule fulani haitamchukua, namwokolea nauli, ada za kuthibitisha vyeti na miezi ya kusubiri. Ukweli mchungu ni huduma. Nakubali yote mawili. Dalali anayesema wazi kwamba shule hii inabagua, na kwamba yeye analipwa na shule hii, amekaribia kuwa mjumbe wa kweli kuliko anayejificha nyuma ya neno vigezo.

Kipo, hata hivyo, kisa kigumu zaidi. Dalali anampenda mhitimu wetu, au anaipenda ada yake, na anampa ushauri: usiseme unatoka Uganda. Sema umekulia Marekani. Badilisha matamshi kidogo, wazazi hawatajua. Viza tutashughulikia baadaye, ingia kwanza kwa ya utalii au ya masomo. Mhitimu anafika, anapewa darasa, watoto wanampenda, anatuma fedha nyumbani. Nani ameumia?

Wapo watakaosema kwamba kumdanganya mbaguzi si kosa. Aliyejenga ukuta wa uongo hana haki ya kulalamika ukirukwa kwa uongo. Mimi ninalihisi tamko hilo kuwa na haki ndani yake, na sina hamu ya kumhubiria mtu anayesomesha wadogo zake kwa mshahara huo. Lakini tutazame uongo huo unamfanyia nini yeye. Mkataba wake sasa umesimama juu ya siri, na siri hiyo anaijua dalali. Mshahara ukicheleweshwa, hawezi kushitaki. Saa zikiongezwa, hawezi kukataa. Siri imekuwa hatamu, na anayeishika si yeye. Sheria nayo haiwapimi sawa. Katika Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, kifungu cha 80 kinamtoza faini mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria, yuan 5,000 hadi 20,000, na kinawatoza pia aliyemtafutia kazi hiyo na aliyemwajiri. Kwa hiyo sheria yenyewe imekataa kumwona dalali kuwa mjumbe tu. Lakini hali ikiwa nzito, anayewekwa kizuizini kwa kifungu hicho, siku 5 hadi 15, ni mgeni. Hao wengine wawili hulipa fedha na kulala nyumbani kwao.

Kisha kuna hasara isiyo na faini. Kila asubuhi mwalimu huyu anaingia darasani kuwafundisha watoto kujitambulisha: jina langu ni fulani, ninatoka mahali fulani. Ni somo la kwanza la Kiingereza popote duniani. Na yeye peke yake, katika chumba kile, hawezi kulisema kwa ukweli. Kant alitutaka tusimtumie mtu kama chombo tu. Naongeza kwamba kuna namna ya kumtumia mtu inayomhitaji ashirikiane na mtumiaji katika kujifuta. Dalali anayetoa ushauri ule hajaushinda ubaguzi. Ameugeuza kuwa siri ya biashara, na gharama ya kuitunza ameiacha kwa mwalimu.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo, tukiwanyooshea kidole Wakorea na Wachina. Lakini nyani haoni kundule, na wasomaji wa jarida hili wengi tumo katika soko linalofanana na hilo: soko la walimu wa Kiswahili. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha umewapeleka vijana wa Kenya na Tanzania katika vyuo vya Marekani. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba itakiingiza Kiswahili shuleni kama somo la hiari. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kila habari ya namna hii inapotoka, husikika minong'ono ileile: nani apelekwe? Na jibu letu hutoka haraka: wazawa.

Tuulizane basi, mzawa ni nani? Ni binti wa Bukoba ambaye nyumbani alizungumza Kihaya, lakini Kiswahili chake cha shuleni kingetosha kusomea taarifa ya habari? Ni kijana wa Lubumbashi aliyezaliwa ndani ya Kiswahili na hajui siku alipokianza, lakini akifungua mdomo tunamwambia kwamba hicho si sanifu? Ni mtoto wa Wazanzibari aliyezaliwa Maskati, anayezungumza kwa lafudhi ya bibi yake lakini hajawahi kukanyaga Unguja? Usanifu wenyewe una tarehe: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wa watu, nao ulikuwa na manufaa yake. Lakini tunapoutumia kumwambia Mkongo kwamba lugha aliyonyonya si yake, tunafanya kwa Kiswahili kile tunachokilalamikia katika Kiingereza. Na mhadhiri anayeandika barua ya mapendekezo, akamtaja huyu na kumwacha yule, anafanya kazi ya dalali, ila hapokei kamisheni.

Nini basi kinamstahili mtu wa kati, wa Kiingereza au wa Kiswahili, mwenye ada au asiye nayo? Naona mambo matatu. La kwanza ni kutaja anayemlipa, mapema na bila kuulizwa, ili mwalimu ajue anazungumza na mshenga wa upande gani. La pili ni kutobeba sharti ambalo mwajiri hathubutu kulitia sahihi: kama shule inataka wazungu tu, iandike, isipoandika, dalali asichuje kwa hilo. Wengi watapoteza wateja, najua, na ndiyo maana jambo hili ni la maadili. Lingekuwa na faida, lingekuwa ushauri wa biashara. La tatu ni kutomtuma mtu mahali ambapo makosa yote yataandikwa kwa jina lake peke yake.

Kwa upande wake mwalimu, anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kutuma pasi yake. Nani anakulipa, na lini? Jina la shule ni nani, na ninaweza kuzungumza na mwalimu aliyepo pale? Viza nitakayoingia nayo inaniruhusu kufanya kazi hii? Dalali mwema hatachukizwa. Tangu nimeanza kuwapa wahitimu wangu maswali hayo pamoja na barua zangu, baadhi yao wamejibiwa vizuri na wako kazini kwa majina yao na nchi zao. Wengine hawakujibiwa tena, na hilo nalo ni jibu.

Wazee hawakuilinda roho ya mjumbe kwa sababu kazi yake ilikuwa duni. Waliilinda kwa sababu alisimama uwanjani mchana, akataja jina la aliyemtuma, kisha akasema neno lake. Anayetaka kinga hiyo hana budi kusimama hapo.